Gia Imeingia, Lakini Habu Je? Namna ya Kukagua na Kutunza Habu za Magurudumu ya Mbele

Somo la toleo hili ni la kila mtu anayemiliki, anayeendesha au anayetegemea gari la foo-wili. Hapa Ogwedhi na vijiji vilivyo karibu na mpaka wa Trans Mara, hiyo ni karibu sisi sote. Gari la aina hiyo ndilo hubeba maziwa na mahindi hadi sokoni, chanjo hadi zahanati, na mama mjamzito hadi hospitali barabara inapogeuka tope.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, huduma za ambulensi na barabara za kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti. Hata hivyo, barabara ikishateleza, kuna jambo dogo linaloamua kama gari litafika, nalo liko mikononi mwa dereva: vile vikombe viwili vya chuma vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele. Mafundi huviita habu. Dereva anaweza kuingiza gia ya foo-wili, taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi, na bado gari likavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Mara nyingi halijaharibika. Habu tu ndizo hazijafungwa, au moja imefungwa na nyingine imekataa.

Somo hili linaeleza habu hufanya kazi vipi, jinsi ya kuzijaribu bila gharama, dalili za ubovu, na namna ya kuzisafisha kabla mvua haijaanza.

HABU NI NINI?

Tazama katikati ya gurudumu la mbele la Toyota Land Cruiser la mfululizo wa 70, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1984 na ambalo limezoeleka sana kwenye barabara zetu za mashambani. Kwenye magari mengi ya aina hiyo utaona kitufe cha kuzungusha, na pembeni yake maneno mawili: FREE na LOCK. Hiyo ndiyo habu ya mkono. Ipo pia kwenye Hilux nyingi za zamani na pikapu nyingine za miaka hiyo. Kama katikati ya gurudumu hakuna kitufe, huenda gari lako ni la aina mpya ambayo huunganisha magurudumu ya mbele kwa swichi ya ndani. Kama kitufe kina neno AUTO badala ya FREE, habu hiyo hujifunga yenyewe ukiingiza foo-wili, lakini unaweza pia kuifunga kwa mkono.

Habu ni kiungo kati ya gurudumu na shafti inayotoka kwenye difu ya mbele. Ikiwa FREE, gurudumu huzunguka juu ya beringi zake na shafti hubaki imetulia. Ikiwa LOCK, pete yenye meno husogea ndani na kuunganisha viwili hivyo, vikazunguka pamoja.

Mkulima anayelima kwa ng'ombe ataelewa haraka. Ng'ombe anaweza kutembea kando ya jembe siku nzima, lakini kama vijiti vya nira havijachomekwa, havuti chochote. Injini ni nguvu ya ng'ombe, na habu ndiyo kijiti cha nira. Tena ukimfunga ng'ombe mmoja tu na kumwacha mwenzake, nira itapinda upande mmoja na jembe halitasonga. Difu ya kawaida hufanya vivyo hivyo: habu moja ikiwa haijashika, nguvu yote ya mbele hukimbilia upande uliolegea na kupotea. Kwa hiyo habu moja iliyofungwa haikupi nusu ya nguvu ya mbele. Haikupi kitu.

Kwa nini basi watengenezaji waliweka kitu kinachoweza kusahaulika? Mwaka 1948, Mmarekani Arthur Warn alianza kutengeneza habu za namna hii kwa magari ya Jeep yaliyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ili yafae kwa safari za kawaida barabarani. Habu ikifunguliwa, shafti, difu na propela ya mbele hupumzika. Uchakavu hupungua, kelele hupungua, na mafuta huokolewa kidogo. Faida hiyo ina sharti moja: dereva akumbuke kuifunga inapohitajika.

HALI TANO ZA KUKUMBUKA

Kijiti kidogo cha gia kina alama H2, H4, N na L4. Ukiziunganisha na hali ya habu, unapata yafuatayo:

1. H2, habu zote FREE. Magurudumu ya nyuma yanavuta. Hii ni kwa lami na barabara kavu.

2. H2, habu zote LOCK. Bado ya nyuma ndiyo yanavuta, ila vipuri vya mbele vinazunguka bila kazi. Hakuna madhara; mafuta yanaongezeka kidogo tu. Hii ndiyo hali nzuri ya msimu wa mvua, kwa sababu ukikuta tope unaingiza H4 bila kushuka.

3. H4, habu zote LOCK. Magurudumu yote manne yanavuta. Hii ni kwa tope, mchanga na mawe yanayoteleza. L4 nayo ni kwa kazi nzito ya mwendo wa pole, kama kupanda mteremko mkali au kujikwamua.

4. H4 au L4, habu FREE. Propela ya mbele inazunguka, taa inaweza kuwaka, lakini magurudumu ya mbele hayavuti. Ukiwa L4 katika hali hii ni hatari zaidi, kwa maana nguvu yote kubwa ya gia hiyo inaielemea ekseli ya nyuma peke yake.

5. H4, habu moja LOCK na nyingine FREE. Ni sawa na hali ya nne. Ya nyuma tu ndiyo yanavuta.

Tahadhari moja: usiendeshe ukiwa H4 na habu LOCK kwenye lami kavu, kwa mfano barabara kuu ya Migori hadi Isebania. Kwenye kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo huisha. Kwenye lami haziwezi kuteleza, kwa hiyo mkazo hujikusanya kwenye shafti na gia. Usukani unakuwa mzito, tairi zinalika, na kipuri kinaweza kuvunjika. Ukifika kwenye lami, rudisha H2. Habu zinaweza kubaki LOCK.

MAJARIBIO MAWILI YA KUFANYA NYUMBANI

Jaribio la kwanza: kuzunguka uwanjani. Tafuta uwanja wa nyasi au udongo uliolegea, usio na watu. Funga habu zote mbili, ingiza H4, kata usukani karibu hadi mwisho, kisha endesha polepole kwa duara. Usukani unapaswa kuwa mzito na gari lihisi kama linavutwa breki kidogo. Ukizunguka kwa wepesi kana kwamba uko H2, ya mbele hayavuti. Usifanye jaribio hili kwenye lami.

Jaribio la pili: gurudumu hewani. Linahitaji watu wawili.

• Egesha gari mahali tambarare na pagumu. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza kwenye gia kubwa na H2 kwenye gia ndogo. Weka mawe au vigogo mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma.

• Inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, kisha weka stendi imara chini ya ekseli. Mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

• Habu ya gurudumu hilo ikiwa FREE, lizungushe kwa mkono. Linapaswa kuzunguka kwa wepesi, na propela ya mbele itulie.

• Sasa funga habu zote mbili, ya gurudumu lililo juu na ya lile lililo chini. Zungusha tena huku mwenzako akichungulia propela ya mbele kutoka pembeni. Inapaswa kuzunguka, na gurudumu liwe zito zaidi.

• Propela isipozunguka, moja ya habu haishiki. Linganisha uzito wa gurudumu lililoinuliwa kati ya FREE na LOCK. Usipohisi tofauti yoyote, habu hiyo ndiyo ya kushukiwa. Ukihisi tofauti, kagua ya upande wa pili.

Jaribio zima halichukui muda mrefu na halihitaji kununua chochote. Kamati za vikundi vinavyomiliki pikapu ya pamoja zinaweza kulifanya siku ya mkutano, ili kila dereva aone kwa macho yake.

DALILI NA MAANA YAKE

Kitufe ni kigumu kuzungusha. Kwanza sogeza gari mbele au nyuma kidogo, maana huenda meno hayajalingana. Jaribu tena kwa mkono. Kikiendelea kukataa, grisi imekauka au vumbi na kutu vimeingia. Usitumie koleo wala spana ya bomba. Kitufe kikivunjika, utakuwa umebadilisha kazi ya kusafisha kuwa kazi ya kununua.

Habu haifunguki baada ya kutoka kwenye tope. Mkazo umebaki kwenye shafti. Rudisha H2, nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha jaribu tena. Baadhi ya habu za kujifunga zenyewe pia huhitaji kurudi nyuma hivyo ili zijifungue.

Kitufe kinazunguka kwa wepesi lakini hakuna kinachoshika. Springi ya ndani imevunjika au imechoka, au pete ya kubana mwisho wa shafti imetoka mahali pake. Hii lazima ifunguliwe na kukaguliwa.

Sauti ya kugonga au kusaga gari linapovuta kwa nguvu. Huenda meno yameshika nusunusu au yamelika na kuwa mviringo. Simama, hakikisha kitufe kimefika mwisho wa LOCK. Sauti ikiendelea, usilazimishe.

Mlio wa tak-tak-tak unaosikika unapokata kona tu. Mara nyingi hiyo si habu. Ni kiungo cha shafti kilicho ndani ya kiwiko cha gurudumu. Mweleze fundi hivyo ili asibadilishe habu nzima bure.

Habu moja ina joto kali baada ya safari, nyingine ni vuguvugu. Sogeza kiganja karibu bila kugusa kwanza. Joto la upande mmoja huashiria beringi iliyokazwa kupita kiasi au iliyokauka grisi, au breki inayoshika. Usiendelee na safari ndefu.

Gurudumu linacheza ukilishika juu na chini na kulitikisa. Beringi zimelegea, au nati zinazoshikilia habu zimelegea. Hili ni la fundi siku hiyohiyo.

KUSAFISHA HABU HATUA KWA HATUA

Kazi hii inafaa kufanywa na mtu aliyezoea kushika spana. Kama hujawahi, simama kando ya fundi mara ya kwanza. Utahitaji spana inayolingana na boliti, mswaki wa zamani, mafuta ya taa, kitambaa kisafi, grisi ya beringi na gasketi mpya.

1. Weka kitufe kwenye FREE. Osha na usugue habu kwa nje kwanza, ili tope lisianguke ndani ukifungua.

2. Piga picha kwa simu. Endelea kupiga kila unapotoa kipande. Picha hizo ndizo zitakazokuongoza wakati wa kurudisha.

3. Kwenye habu nyingi za Land Cruiser kifuniko kinashikwa na boliti ndogo sita. Legeza kwa kuvukanisha, moja upande huu na nyingine upande wa pili. Toa kifuniko taratibu kikiwa na springi na pete yake ya meno.

4. Angalia grisi kabla hujaifuta, maana ndiyo itakayokuambia hali ya ndani. Ikiwa na rangi ya kahawia na matone, maji yameingia. Ikimeta kama vumbi la chuma, kuna meno au beringi inayolika. Ikiwa nyembamba na yenye harufu ya mafuta ya gia, sili iliyo ndani ya ekseli imekufa na mafuta ya difu yanavuja hadi huku. Ukiona hivyo, kusafisha habu peke yake hakutaponya tatizo.

5. Osha vipande kwa mafuta ya taa, mbali na moto na sigara. Usitumie petroli. Kausha kabisa. Usimwage mafuta machafu kwenye mtaro au karibu na mto. Yaweke kwenye chupa umpelekee mwenye gereji.

6. Kagua meno, springi, na ile pete ya kubana mwisho wa shafti. Pete hiyo iwe imekaa ndani ya mfereji wake.

7. Paka grisi nyembamba tu. Wengi hukosea hapa kwa kujaza habu hadi pomoni. Grisi nyingi huzuia pete ya meno kusogea, na habu inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Beringi ndizo zinazojazwa grisi.

8. Weka gasketi mpya. Rudisha kifuniko kitufe kikiwa FREE, na vijipembe vya pete ya ndani vielekee sehemu za habu zisizo na meno. Kaza boliti kwa kuvukanisha, kwa kiasi. Ni boliti ndogo na hukatika kwa nguvu nyingi. Kipimo halisi kiko kwenye kitabu cha gari.

9. Zungusha kitufe FREE na LOCK mara kadhaa kwa vidole. Kisha fanya tena jaribio la gurudumu hewani.

UKIVUKA MTO

Habu huwa na joto baada ya mwendo. Ikiingia ghafla kwenye maji baridi ya Mto Migori au Kuja, hewa iliyo ndani hupoa na kunywea, na maji huvutwa ndani kupitia sili na gasketi zilizochoka. Ukilazimika kuvuka mahali pa kina, simama kwanza gari lipoe. Baada ya siku chache fungua kifuniko kimoja uangalie. Na kumbuka: habu nzuri haimfanyi mtu kuwa salama kwenye mafuriko. Maji yakiwa yanakimbia na huoni chini, usivuke.

KAZI ZA KUMWACHIA FUNDI

Kukaza beringi za magurudumu, kubadilisha sili ya ekseli, kutengeneza kiwiko na kubadilisha nati za habu zenye washa za koni ni kazi za fundi mwenye vifaa. Beringi ikikazwa vibaya, gurudumu linaweza kujifunga au kung'oka likiwa kwenye mwendo. Omba urudishiwe vipuri vya zamani, na uulize ni nini kilichoviua.

RATIBA YA MWAKA

Kila mwezi: funga habu na uendeshe angalau kilomita 16. Vitabu vya Toyota hushauri umbali huo katika foo-wili ili mafuta na grisi vifike kwenye vipuri vya mbele. Gari linalokaa FREE mwaka mzima ndilo hukwama siku ya kwanza ya mvua. Ingiza H4 kwenye sehemu ya udongo tu.

Februari, kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei: fanya majaribio yote mawili, safisha habu, badilisha gasketi.

Msimu wa mvua: acha habu zote mbili LOCK, uendeshe H2, na uingize H4 kabla ya kuingia kwenye tope. Ukisubiri hadi ukwame, utapiga magoti kwenye matope ukitafuta kitufe usichokiona, pengine usiku, huku mgonjwa akisubiri ndani.

Agosti, kabla ya mvua fupi: rudia majaribio. Gari likiwa na madereva wawili au zaidi, andikeni kwenye daftari la gari hali ya habu kila mnapokabidhiana: LOCK zote, au FREE zote. Kamwe zisitofautiane.

JIPIME

Swali la 1: Gari liko H4, habu ya kushoto ni LOCK na ya kulia ni FREE. Ni magurudumu gani yanayovuta?
Jibu: Ya nyuma tu.

Swali la 2: Umetoka kwenye tope ukafika kwenye lami kavu. Unabadilisha nini kwanza?
Jibu: Gia, kutoka H4 hadi H2. Habu zinaweza kusubiri.

Swali la 3: Umefungua habu ukakuta grisi nyembamba yenye harufu ya mafuta ya gia. Je, upake grisi mpya na ufunge?
Jibu: La. Sili ya ekseli inavuja. Mwone fundi kwanza.

Swali la 4: Mwananchi asiye na gari anaweza kufanya nini?
Jibu: Anaweza kumuuliza dereva, kabla ya kuondoka, swali moja: "Habu zimefungwa zote mbili?" Unapompandisha mgonjwa garini na mvua inanyesha, una haki ya kuuliza, na dereva makini hatakasirika.

Kata ukurasa huu uuweke ndani ya gari, au umpe jirani mwenye pikapu.